Dada yangu alimtilia mumewe dawa ya kuacha pombe kwenye chai, ikanywewa na mtu mwingine

Wakuu, salaam aleikum kwa wenye salaam, na wengine habari za mahali mlipo.

Haya yametokea hapa Isiolo, ndani ya familia yangu. Sina faida ya kudanganya, maana hakuna mtu anayetoka vizuri kwenye hadithi hii. Majina nimebadilisha. Kuna sehemu moja sikuiona kwa macho, nilisimuliwa, na nikiifikia nitasema.

Tuelewane mapema pia: dozi sitaji. Msije inbox.

Tuanze na panya.

Kabla sijafungua agrovet yangu, duka la dawa za mifugo, hapa mjini, nilifanya kazi Nairobi kwenye lab moja, upande wa wanyama. Cheo changu kwenye karatasi kilikuwa kirefu, lakini kazi yenyewe ilikuwa kubadilisha unga wa mbao kwenye vizimba, kuosha chupa na kujaza maji. Utafiti ulikuwa na wenyewe. Mimi nilikuwa mtu wa mkono tu, ila macho nilikuwa nayo.

Kulikuwa na panya wadogo weusi, aina inayopenda pombe. Msicheke, wapo. Kila kizimba kilikuwa na chupa mbili, moja ya maji matupu na nyingine ya maji yaliyochanganywa na pombe. Panya anachagua mwenyewe. Hao weusi wakiamka jioni walikuwa wanaenda moja kwa moja kwenye chupa ya pombe, kama watu fulani ninaowajua.

Baadaye baadhi yao wakaanza kutiliwa dawa kwenye chakula. Inaitwa disulfiram. Hospitalini hupewa watu wanaotaka kuacha pombe.

Nieleze inavyofanya kazi, kwa lugha ya mtu wa kuosha chupa. Ukinywa pombe, ini linaivunja kwa hatua mbili. Hatua ya kwanza inaigeuza kuwa kitu kikali, sumu kabisa. Hatua ya pili inaikamata hiyo sumu haraka na kuifanya kitu kipole, ndugu yake siki, na mwili unaendelea na shughuli zake. Dawa hii inafunga mlango wa hatua ya pili. Sumu inatengenezwa lakini haiondoki, inajaa kwenye damu.

Panya aliyekula dawa alikuwa anaonja pombe kidogo tu, kisha masikio yanakuwa mekundu, anapumua mbio mbio, anajikunyata kwenye kona. Siku zinazofuata ukimwangalia, anafika kwenye ile chupa, ananusa, anageuka, anaenda kunywa maji.

Waliolishwa dawa lakini kizimba chao hakina chupa ya pombe, hawakuwa na shida niliyoiona. Walikula, wakalala, wakakimbia kwenye gurudumu lao.

Na dawa ikiondolewa kwenye chakula, kuna waliorudia pombe polepole. Nilijua kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa najaza hizo chupa.

Basi siku moja nikamsimulia dada yangu Kendi haya yote, nyumbani kwake, kama stori ya kupitisha muda. Sikujua ananisikiliza kwa makini hivyo.

Mume wa Kendi anaitwa Mutwiri. Ni dereva wa lori. Anapeleka unga, sukari na mafuta ya kupikia Merti na Biliqo, anarudi na mbuzi. Lori ni la Haji, mzee wa Kiborana mwenye yadi karibu na soko la mifugo. Barabara ya huko mnaisikia tu. Ni mchanga na vumbi, na mto ukijaa mnalala hapo hapo mlipo. Juu ya mbuzi huwa kuna abiria wameshikilia vyuma, maana magari ni machache.

Madereva wa huku hutafuna miraa ili wasisinzie. Shida ni ukifika nyumbani. Mwili umekufa, macho yamesimama, usingizi hauji. Kwa hivyo wengi wana mpango wao: miraa ya safari, pombe ya kulala. Mutwiri alianza hivyo hivyo, akiiita pombe dawa yake ya usingizi. Baada ya muda ikawa ya kuamkia pia, na chupa ndogo ikahamia chini ya kiti cha lori.

Haji alimvumilia sana. Halafu asubuhi moja alifungua mlango wa lori mwenyewe, harufu ikamlaki. Hakupiga kelele. Mutwiri alitusimulia maneno yake.

"Wewe unajua hii njia kuliko mtu yeyote. Lakini hiyo harufu nikisikia tena, funguo unaleta kwa mkono yako mwenyewe, na tunabaki marafiki."

Hilo la kubaki marafiki ndilo lililomtisha Kendi. Mtu akikufokea, kesho anaweza kupoa. Haji alikuwa ameshapoa tayari. Watoto wao wawili wako boarding, nyumba ni ya kupanga, na dereva aliyefukuzwa na Haji kwa pombe hakuna mwenye lori Isiolo atakayempa usukani. Kendi alitaka mume aache kunywa na funguo zibaki. Hakuwa anataka kitu kingine duniani.

Akaja dukani kwangu. Alingoja mteja wa dawa ya kupe aondoke.

"Ile dawa ya panya wako inauzwa?"

"Inauzwa, lakini mpaka daktari aandike. Na mtu hawekewi kisiri."

"Kwani panya walikuwa wanaulizwa?"

"Panya hawaendeshi lori, Kendi."

Nilimweleza. Mtu asiyejua ana dawa mwilini atakunywa kama kawaida yake. Moyo utaenda mbio, presha itashuka, ataona giza. Akiwa kwenye kiti sebuleni ni jambo moja. Akiwa kwenye mteremko na mzigo ni mazishi. Nikamwambia ampeleke hospitali aulizwe mwenyewe kama anataka.

"Nimeongea," akasema. "Nimelia. Nimeita pastor. Kila siku ananiambia kesho. Wewe hujawahi lala kando ya mtu ukihesabu kama anapumua."

Akanunua chumvi ya ng'ombe ambayo hana ng'ombe wa kumpa, nadhani ili asionekane amekuja bure, akaenda. Nikadhani yameisha.

Hayakuisha. Alizipata tembe mji mwingine, kwa mtu asiyeuliza maswali.

Sasa hii ndiyo sehemu niliyosimuliwa, na aliyenisimulia ni Kendi mwenyewe.

Mutwiri alikuwa amerudi kutoka Merti, na safari inayofuata ilikuwa Jumanne. Kendi akapiga mahesabu yake Jumamosi. Mume yuko nyumbani, hana usukani, hospitali iko karibu. Akinywa pombe augue hapa hapa, aone cha mtema kuni, ajifunze kama panya walivyojifunza. Akasaga tembe akazitia kwenye chai ya flaski ya buluu. Hiyo ni flaski ya Mutwiri, ya safari, na hata nyumbani ndiyo anayonywea, hakuna mwingine anayeigusa. Tangawizi akaweka nyingi ili ifunike ladha.

Jioni hiyo hiyo mgeni akabisha hodi. Alikuwa Mzee Murungi, kaka mkubwa wa Mutwiri, mzee wa kanisa kutoka upande wa Meru. Kendi alikuwa amemwomba tangu zamani aje aongee na mdogo wake juu ya pombe, na kati ya siku zote akachagua hiyo.

Alikaa, akaanza kuongea. Anaongea vizuri, lazima niseme ukweli. Chai ya flaski kubwa ikaisha katikati ya mawaidha. Kendi akatoka kwenda kuinjika nyingine.

Kwetu mgeni haambiwi chai imeisha, na hasa si kaka mkubwa aliyesafiri kuja kukuonya. Mutwiri hakutaka mzee akae na kikombe kikavu. Akachukua flaski yake ya buluu akammiminia.

"Kunywa hii, mzee. Hii ndio ya barabara, iko na tangawizi ya nguvu."

Kendi aliporudi, mzee alikuwa ameisifu chai na kuongezwa kikombe cha pili. Flaski ilikuwa tupu. Mutwiri hakuwa ameonja hata tone, kwa heshima.

Hapo Kendi angeweza kusema. Aliniambia alifungua mdomo kabisa. Lakini alimwona mzee wa kanisa amekaa kwenye kiti chake, na mume anayesikiliza kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, akaona akisema ndoa inaishia pale pale mbele ya shahidi. Akakumbuka na panya. Wasiokuwa na chupa ya pombe hawakupata shida. Na Mzee Murungi ndiye anayesimama kanisani kuwaombea walevi. Dawa itapita mwilini mwake kama maji. Akaiosha flaski akanyamaza.

Mwisho wa sehemu ya kusimuliwa. Inayofuata nilikuwepo.

Jumapili nilialikwa chakula cha mchana. Mzee alilala hapo, akaenda kanisa la mjini, akarudi, tukala, akatuombea, akaondoka kwenda stage kutafuta gari la Meru. Mutwiri alitaka kumsindikiza, akakataa. Alisema anataka kutembea kidogo peke yake anyooshe miguu.

Hata uji wa mtoto haungepoa, boda ikaingia uani. Dereva mbele, mzee katikati, mtu mwingine nyuma amemkumbatia asianguke. Tai imelegea, uso na shingo vimeiva, macho mekundu, mishipa ya shingo inaruka. Alitapika kabla hajashuka.

"Huyu mzee alikuwa kwa bar ya huko nyuma," akasema yule wa boda. "Amechukua kidogo tu, wallahi, hata glasi haijaisha. Akasema tumlete kwa ndugu yake."

Mutwiri alimbeba mikononi. Alimlaza, akamfungua tai, akampangusa mdomo kwa shati lake mwenyewe. Kisha akatugeukia.

"Hii si ya kulewa. Mimi najua kulewa. Hii ni kitu ingine."

Nikatazama masikio ya mzee. Halafu nikamtazama Kendi. Alikuwa ameshika fremu ya mlango kwa mikono miwili, na nikajua.

Hospitali tulifika kwa gari la jirani. Clinical officer wa zamu, tabibu mwanamke mpole, akauliza mzee ametumia nini. Mzee akasema dawa yake ya presha tu, na pombe kidogo sana, akasema hiyo pombe kwa sauti ambayo nadhani ni Mungu peke yake aliyekusudiwa kuisikia.

"Dawa ingine?"

Akatikisa kichwa. Alikuwa anasema ukweli anaoujua.

"Presha imeshuka na moyo unakimbia. Nisipojua amekula nini, naweza kutibu kitu kingine kabisa. Kuna mtu anajua?"

Nilikuwa nimeshaamua kusema. Kendi akanitangulia.

"Ni dawa ya kuacha pombe. Ilikuwa kwa chai. Niliweka mimi. Haikuwa yake. Ilikuwa ya huyu."

Alimwonyesha mume wake kwa mkono bila kumtazama.

Yule daktari hakupandisha sauti. Aliuliza ilikuwa saa ngapi na kiasi gani. Kendi akajibu kwamba alikadiria kwa macho. Mzee akawekewa drip na oksijeni, tukatolewa nje kukaa kwenye benchi.

Mutwiri akaongea akiangalia ukuta.

"Haji alinipigia asubuhi. Safari imeletwa mapema. Kesho alfajiri nilikuwa natoka kwenda Biliqo."

Kendi akasema, "Si ilikuwa Jumanne?"

"Ilikuwa Jumanne. Ningekunywa ile chai jana, kesho ningekuwa kwa usukani na watu juu ya mbuzi. Na chupa iko chini ya kiti. Mimi najijua."

Hapo nilijaribu kutuliza mambo, nikasema labda kufikia Jumatatu dawa ingekuwa imeisha nguvu. Clinical officer alikuwa anapita, akanisahihisha. Hii kitu inaweza kukaa mwilini hata wiki mbili baada ya kumezwa. Huko lab sikuwahi kujua hilo.

Jioni mzee alikuwa nafuu. Aliomba habari zisifike kanisani. Zilifika kabla yake, boda wana simu. Simcheki. Alikuja kumwokoa mdogo wake akiwa na mzigo kama huo huo, ila wake ulikuwa umekunjwa vizuri.

Kabla hatujaondoka, Mutwiri akamrudia yule clinical officer.

"Mtu akimeza hiyo dawa akijua, inasaidia?"

Akamjibu bila kupamba. Inasaidia wengine. Kwanza anapimwa ini na moyo, anakaa bila pombe, ndipo anaanza. Miraa nayo lazima izungumzwe, pamoja na huo usingizi unaokataa. Dawa haiondoi hamu, inafunga njia tu, kwa hivyo kuna kikao cha ushauri pia. Na lazima kuwe na mtu wa kumwona akimeza kila siku, kwa sababu siku hamu ikizidi, mtu huruka tembe.

"Kwa kawaida ni mke," akasema.

"Si yeye," akasema Mutwiri.

Alilisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayekataa sukari. Kendi aliangalia sakafu. Mimi si mtu wa machozi, lakini hapo niliumia, na wala sikujua naumia kwa ajili ya nani kati yao.

Jumatatu Mutwiri hakungoja Haji asikie kwa watu. Alikwenda mwenyewe, akaniomba nimsindikize. Alimweleza yote, hadi chupa ya chini ya kiti, akatoa funguo mfukoni akamwekea mkononi. Haji alizishika akafikiri.

"Mimi pombe sijawahi shika, hata chupa," akasema. "Lakini dawa naweza kushika. Hiyo daktari anataka mtu wa kuangalia? Nitaangalia."

Safari ile ya Biliqo alipewa dereva mwingine. Mutwiri akapimwa, akangoja, akaanza.

Tangu hapo ndivyo wanavyofanya. Haji akitoka sala ya alfajiri anamkuta Mutwiri yadini. Anampa tembe na maji, anamngoja ameze, kisha anamfungua mdomo na kumwangalia chini ya ulimi kama anayekagua meno ya mbuzi sokoni. Halafu ndiyo anampa funguo. Akiwa safarini, ndugu ya Haji aliye Merti anaifanya kazi hiyo.

Asubuhi moja Mutwiri aligoma. Alisema yeye si mtoto. Haji hakubishana naye, aliweka funguo kwenye mfuko wa kanzu akaendelea na biashara zake. Mutwiri alikaa juu ya tairi kuukuu hadi jua likawa kali, kisha akaomba maji.

Mpaka leo ninapoandika, hajanywa. Miraa amepunguza, anasafiri mchana na kulala njiani. Amenenepa uso. Lori analo.

Mngedhani hapo ndipo ningemaliza. Na mimi ningependa.

Kendi aliomba msamaha mbele ya familia zote mbili. Mutwiri akasema amesamehe, watu wakaomba, wakala. Lakini nyumbani Mutwiri hali chochote kilichopakuliwa asipoona. Anajipakulia mwenyewe kutoka kwenye sufuria. Maji anachota mwenyewe. Flaski ya safari anajaziwa kwenye hoteli iliyo karibu na yadi, na ananunua chai wakati mkewe ana jiko linawaka.

Hamgombezi. Hajawahi kumpiga wala kumtukana. Anamletea nyama ya mbuzi kutoka Merti. Ukimuuliza anakuambia hana kinyongo, na mimi naamini hajidanganyi.

Wiki iliyopita nilikwenda kuwaona. Kendi akatumiminia chai sote watatu kutoka flaski moja, mbele ya macho yetu. Mutwiri akasema asante, akashika kikombe chake, akangoja. Kendi akainua chake akanywa hadi nusu, akakiinamisha kidogo ili kionekane. Kisha mumewe akanywa. Tukaendelea kuzungumza habari za mvua. Ilikuwa wazi kwamba ni mazoea sasa, hakuna aliyeshtuka ila mimi.

Nilipoaga, Kendi alinisindikiza hadi barabarani.

"Nilitaka aache, ameacha," akaniambia. "Haji anamwamini na lori nzima na watu juu yake. Mimi mume wangu haniamini na kikombe."

Nililojifunza si kubwa. Dawa inafanya kazi, niliiona kwa panya na nimeiona kwa shemeji yangu. Lakini panya hana mke. Ukimtilia mtu dawa kisiri, hata iwe ya kumwokoa, kuna kitu kingine unamtilia ambacho daktari hana drip yake. Kama una mlevi nyumbani, mpeleke akaulizwe, hata akikataa mara nyingi.

Sasa naleta swali kwenu, na si la kupiga porojo. Wale mliokaa kwenye ndoa miaka mingi, mliowahi kukosewa kwa nia njema au mliokosea hivyo: dada yangu aanzie wapi? Andikeni hapo chini. Anasoma yeye mwenyewe, nimempa simu yangu.